Tende ya Mkono wa Kushoto

Ijumaa, mwanzo wa Januari. Manyunyu tangu asubuhi. Hapa Hail, Saudia, watu wote madirishani kama hawajapata kuona maji.

Jamani, nmekosea, na nliyemkosea hata skuli hajaanza!

Binti yangu ana mtindio wa ubongo, mkono wake wa kushoto mzito tangu kuzaliwa. Mtaalamu wa mazoezi katufundisha mchezo wa nyumbani: mkono wa kulia, ulio mzima, tunauvisha soksi, ili wa kushoto ufanye kazi. Anaokota tende sahanini. Kushika anashika, kufungua vidole aiachie, hapo mpaka nimsaidie.

Ijumaa iliyopita kaja mama mkwe, na mawifi wamejaa ukumbini. Mtoto, na soksi yake, kaokota tende, kamnyooshea bibi yake. "Bibi, chukua!"

Na mie nini? Nikaropoka mbele za watu: "Kwa kushoto! Huna adabu?"

Ya Rabbi! Tende ikaanguka. Mkono akauficha ndani ya gauni. Tangu siku hiyo kila nikitoa soksi, jawabu moja: "Sichezi. Mkono huu hauna adabu."

Nlidhani namlindia heshima mama mkwe. Nlipompigia simu kuomba radhi, akanijia juu: "We nawe! Nani kakwambia nmeudhika? Mie nshatandaza kiganja! Kamwombe radhi mtoto mwenyewe."

Kwa haki, nlistahiki.

Leo baada ya Alasiri nikaivaa soksi mimi. Nikajaribu kutoa kokwa ya tende kwa kushoto peke yake. Wallahi si rahisi! Tende ikaniruka, ikaingia chini ya kochi.

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, mkono wako nao hauna adabu!"

"Nisamehe mwanangu, mkono wako una adabu zake zote. Basi nifundishe."

"Usiubane. Fungua polepole... hivi." Akaokota nyingine kwa wake wa kushoto, akafungua vidole mwenyewe. Ikashuka kiganjani mwangu.

Nikalia? Kidogo.

Wenzangu, kula kwa kulia tuwafundishe, sisemi tuache. Lakini zoezi ni zoezi. Msimtahayarishe mtoto kwa kuogopa macho ya wageni! Kama na hili nnakosea, nisameheni.

Jioni mama mkwe kaja tena. Tumekula bokoboko la ngano na kuku, sote kwa kulia. Kisha bibi katandaza kiganja, na tende yake imefika kwa kushoto: ile ile ya chini ya kochi, tumeiosha. Kaila yote.