Maharimu wa Ghanima

Wanaosema Ghanima alichagua mwenyewe kubaki Bujumbura waje waniambie mimi, niliyemshonea nguo za harusi.

Mimi ni Sijaona, fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi. Vitambaa nilikuwa nikinunua katika duka la Waarabu mjini, duka la Jaffar. Jaffar alikuwa na jina lake juu ya mlango, na dada yake Ghanima alikuwa na kazi yote iliyobaki: kufungua, kufagia, kupima, kufunga. Alikuwa na miaka thelathini na minane alipoposwa na Azhar, sonara Mngazija aliyekuwa na kibanda hapo jirani. Vita ikamrudisha Azhar kwao Moroni. Mwaka 1996 akaandika: njoo kabla mwezi wa Maulidi haujaisha, ndugu zangu wamechoka kungoja na wameshanitafutia binamu.

Ghanima akaanza kupanga safari, na bidii yake ilinichekesha. Visiwa vya Komoro, nani kwetu aliwahi kwenda? Alimpata Saliha, mjane wa Mkomoro, akamhoji siku tatu. Huko mwanamke hatoki bila shiromani kuufunika mwili, bibi harusi hakanyagi sokoni, mbele ya wageni wanaume hali chakula. Yote akaandika daftarini. Nikamtania kwamba atafika huko awe mufti. Njia pia aliijua kwa moyo: boti hadi Kigoma, treni hadi Dar es Salaam, kisha meli.

Kilichobaki ni maharimu, ndugu wa kiume wa kusafiri naye. Mwanamke wa nyumba ile hakuvuka hata daraja la Ntahangwa bila baba au kaka, sembuse bahari. Baba alikuwa amekufa, na kaka alikuwa mmoja tu. Jaffar akakubali upesi, na upesi huo ulinikera tangu mwanzo, maana kwake hata kikombe cha chai hukukipata bila kuomba mara mbili. Risasi zilipozidi upande wa mtaa wa Kamenge, akasema atamchukua pia mkewe Nura na watoto wao wanne, wapumzike kidogo.

Siku yenyewe nilimsindikiza Ghanima bandarini asubuhi. Sanduku lake lilikuwa limeshapakiwa. Nura akapanda na watoto. Ghanima alipoinua mguu apande, kaka yake akamzuia kwa mkono.

“Fasi iko sita tu,” akasema Jaffar. “Na sisi tuko sita. We utakuya na bato ya wiki kesho. Shika funguo ya butiki.”

“Nitakuya na nani, kaka? Mi siwezi safiri peke yangu.”

“Apana, peke yako haiwezekani. Ni haramu. Utakuya na maharimu yako.”

“Maharimu yangu ni we.”

Jaffar akatazama saa yake. “Basi ungoje nirudi,” akasema, akapanda.

Nilimtukana mpaka wapagazi wakageuka kunitazama. Ghanima alisimama na funguo mkononi hadi boti ilipotoweka, kisha akaenda kufungua duka, maana saa ya kufungua ilikuwa imepita. Rachidi, karani mmoja wa pale bandarini, ndiye aliyenieleza baadaye: zile tiketi sita Jaffar alizinunua wiki tatu kabla, na sita ndizo alizoomba.

Siku chache baadaye serikali ikapinduliwa, nchi jirani zikafunga mipaka, boti za Kigoma zikasimama. Maulidi yakapita. Ghanima aliendelea kupima vitambaa, na mimi nilimchukia Jaffar kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakuweza.

Barua ya Jaffar ilifika Januari, sijui ilizungukia wapi. Ghanima alinisomea mwenyewe, amesimama nyuma ya meza ya duka, macho makavu.

“Azhar alitupokea vizuri, ametupa chumba alichokutengenezea. Aliuliza habari zako. Nilimwambia ulikataa kusafiri bila maharimu. Amekusifu sana. Anasema wanawake wenye kumcha Mungu hivyo wamebaki wachache, na amemwambia mkewe, yule binamu yake, akuige. Duka linaendeleaje?”

Nilinyoosha mkono niichane. Akaiondoa, akaikunja mara nne, akaniuliza nataka mita ngapi.