Kifungu cha Saba cha Mwalimu Bonifasia

Tangu astaafu ualimu, Bonifasia wa Kirushya alikuwa ameandika nasaba za koo themanini na tatu: nani alimzaa nani, alihamia wapi, alizikwa wapi. Mengine alisimuliwa na wazee kwa Kihangaza, lugha ya huko. Mengi aliyatoa kwenye madaftari ya kodi ya kichwa ya zamani, yaliyorundikwa kwenye stoo ya halmashauri. Watu walimjia hasa kwa ajili ya vitambulisho vya taifa. Huku mpakani utaulizwa babu yako alizaliwa wapi, na babu mwenyewe hakuwahi kushika cheti.

Mwezi Februari tangazo likabandikwa ofisi ya kata. Halmashauri ilikuwa inatunga sheria ndogo ya kumbukumbu, na wananchi walitakiwa watoe maoni. Bonifasia akasoma mpaka kifungu cha saba, akarudia. Daftari lenye majina ya watu lisingefunguliwa ila kwa maombi ya mtu mwenyewe aliyeandikwa humo.

"Mtu mwenyewe!" alimwambia Anneth, binti aliyekuwa amekuja kutoka Biharamulo kutafuta jina la babu yake. "Wote waliomo humo walishazikwa. Nani ataomba?"

"Sasa mimi itakuwaje, mwalimu? Nimeambiwa nilete ushahidi wa babu."

"Rudi nyumbani kwanza. Nitakupigia."

Wiki ile hakutulia. Alianza chakula akakiacha, akaenda kwa diwani, kwa mtendaji, kanisani, akikusanya saini za kukipinga kifungu. Usingizi ukimjia, anakumbuka kijiji ambacho hajafika, anaamka kukiandika. Saini zilipofika mia mbili na kumi akazipeleka kwa Modestus, mwanasheria wa halmashauri.

"Shikamoo, mwalimu," Modestus alisema, akazipokea bila kuzisoma. "Unajua kifungu hiki kimetokana na nini?"

Akatoa faili kabatini. Ndani mlikuwa na nakala ya kesi ya shamba la migomba. Mjane aitwaye Claudia alikuwa ameshindwa na shemeji zake, kwa sababu chati ya ukoo ilionyesha kuwa marehemu mumewe hakuzaliwa katika ukoo ule. Alikuwa mtoto wa kuokotwa, aliyelelewa tu. Bonifasia akaitazama ile chati. Herufi zilikuwa za mwalimu wa darasa la kwanza, za mviringo, zimekaa sawasawa juu ya mstari.

"Ni mwandiko wangu."

"Najua. Sikutaka kukutaja kikaoni."

Kesho yake alipanda basi la Kabanga, alikohamia Claudia kwa kaka yake. Njia nzima alikuwa akifungua dirisha na kulifunga. Alimkuta mama huyo akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bonifasia akajitambulisha, akaeleza yote. Claudia hakuinua kichwa.

"Uliandika uongo?"

"Hapana. Niliandika kilichokuwemo daftarini."

"Ndiyo maana sikupata wa kunitetea. Aliyekutuma uichore chati, ulimuuliza anaitaka ya nini?"

Bonifasia hakuwahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo. Katika koo themanini na tatu, hata mmoja. Alikaa kidogo, akasimama, akakaa tena, mwishowe akaaga.

Siku ya kamati ya madiwani aliingia na kurasa nne za hoja, akaziacha kwenye mkoba. Alisema kwamba chati iliyompokonya mjane shamba aliichora yeye. Kisha akaomba kifungu kibadilishwe: mzao aruhusiwe kusoma habari za ukoo wake, kwa barua ya kijiji, mbele ya karani, kwa macho yake mwenyewe. Asiruhusiwe mtu kumsomea mwingine wala kumnakilia.

"Mwalimu, hapo unajifungia mlango wewe mwenyewe," diwani mmoja alisema.

"Nafahamu. Na chati isitoshe peke yake kumnyang'anya mtu ardhi."

"Hilo la ardhi liko nje ya mamlaka yetu," Modestus akajibu, akaandika lile la kwanza tu.

Lilipita. Sheria ikasainiwa Oktoba, baada ya miezi ya kupiga simu ambazo hazikupokelewa. Shamba la Claudia halikurudi. Bonifasia alimpelekea habari mara mbili; mara ya pili Claudia alimkaribisha uji, lakini hawakuongea sana.

Novemba, Anneth akaja na barua yake ya kijiji. Karani akamfungulia stoo, akamwambia Bonifasia abaki kibarazani. Akabaki, akipima kibaraza kwa hatua, akisikia kurasa zikigeuzwa harakaharaka mno.

"Mwalimu!" Anneth aliita kutoka ndani. "Kuna Rugema na kuna Lugema. Yupi babu?"

Makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Bonifasia alikwisha kuweka mguu kizingitini. Karani akamtazama. Mwalimu akaurudisha.

"Achana na herufi," alijibu kwa sauti. "Tafuta jina la baba yake, halafu kijiji."

Ukurasa mmoja, kisha mwingine, sasa polepole. Kisha akamsikia Anneth akisoma majina matatu kwa mfuatano, la mwisho la babu yake, kwa sauti iliyokatika, na karani akimwambia akae chini aandike vizuri.