Asali Nzuli

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alifariki. Shule ikaishia darasa la tatu. Nikatoka Kigwa na debe la asali kichwani, nikaja Tabora mjini.

Sokoni walinicheka. Herufi r hainikai mdomoni. Habari kwangu ni habali, ghali ni gali, dhahabu ni zahabu, na mwisho wa neno nauvuta kama watu wa kwetu. Kila asubuhi wachuuzi wananipigia kelele, "We mshamba, asali habali yake?" Najibu, "Nzuli!"

Sikubadilika. Ningekuwa mjinga. Warina asali wa porini, Kigwa hadi Tura, wanakununua kwa sauti kwanza. Mchuuzi wa mjini akienda na Kiswahili chake kilichonyooka, anaambiwa mizinga haijajaa. Mimi nilisimama mbali, nikaita "Wangalukaaa," salamu yetu ya asubuhi, na mwenye mji akatoka na kigoda.

Mwaka huu mjukuu wangu kaolewa na kijana wa Dar. Kwenye ukoo wetu, mkubwa ndiye anayemkabidhi bibi harusi, kwa mdomo wake. Binti yangu, mama wa bibi harusi, akaniambia wamekodi mshereheshaji aseme badala yangu.

"Baba, wakwe watacheka."

"Soko zima lilicheka, na wewe ukala, ukavaa, ukasoma. Nipishe."

Nikashika kipaza sauti. "Wakwe zetu, nawakabizi mjukuu wangu. Akilia, napanda tileni nakuja."

Meza ya Dar ikaangua kicheko. Binti yangu akainamisha kichwa. Ndipo akasimama babu wa bwana harusi, Mzaramo, akanielekezea mkongojo.

"Mpagazi wangu! Tangu enzi za misafara unanibebea mizigo mpaka pwani. Huu nao tua hapa, uende zako!"

Wazaramo ni watani wetu. Binti yangu hakulijua hilo, kasoma sana.

"Mzalamo wewe! Mzigo huu haubebwi kichwani. Piga magoti uupokee!"

Mzee akapiga magoti kweli, na magoti yake mabovu. Ukumbi mzima ukasimama kupiga vigelegele. Mshereheshaji alikula pilau, akaondoka.

Leo nina nyumba ya matofali Ipuli, ina umeme na kisima. Shamba Kigwa. Mizinga ya nyuki ambayo siwezi kuitembelea yote kwa siku moja. Ng'ombe kumi na wanne. Duka sokoni palepale waliponichekea, kibao kimeandikwa ASALI NZULI. Mchoraji alitaka kusahihisha, nikamkatalia. Na baiskeli, bado naipanda.