Mapigo ya Moyo wa Kiungo Wetu

Tulikuwa tumeomba mipira na nyavu. Kampuni iliyojitolea kutudhamini ikatuletea vizibao vyeusi vya kubana kifua, kila kimoja na kifaa kidogo kinachokaa mgongoni, katikati ya mabega. Mtu akiniletea nisichomwomba, tena bure, huwa namwangalia mara mbili.

Mimi ni mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu hapa Kasulu. Kwetu ni Singida, serikali ndiyo iliyonileta huku, nikazoea baridi ya asubuhi na udongo mwekundu usiotoka kwenye soksi nyeupe hata uloweke vipi. Nafundisha timu ya soka ya wasichana, na kusema kweli timu hiyo ndiyo iliyonifanya nisiombe uhamisho.

Kijana wa kampuni alitoka Dar es Salaam, mpole, anajua kuongea. Alitupanga chini ya ukuta wa bwalo akatueleza.

"Hiki kinapima mbio, umbali na mapigo ya moyo. Kila kitu kinaingia kwenye kishikwambi."

"Na kikitoka kwenye kishikwambi kinakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kinakwenda kwenye mfumo, madamu."

"Huo mfumo uko kwa nani?"

Akacheka. Mkuu wa chuo akaingilia, "Mwalimu, tumepata mdhamini, wewe unamhoji kama polisi." Wakufunzi wenzangu wakacheka pia, na mimi nikaanza kugawa vizibao.

Sitasema vizibao havikutusaidia. Nilijua nani anachoka mapema na nani anajificha pembeni mpira ukiwa mkali. Lakini yule kijana alianza kunipigia simu kabla sijafungua kishikwambi, ananiuliza habari za mchezaji fulani, kwa nini jana alipunguza mbio. Nilikuwa najibu kwa kifupi. Sikupenda mtu aliye Dar ajue uchovu wa wanachuo wangu kabla yangu.

Aliyemuulizia zaidi alikuwa kiungo wetu, binti wa Heru Juu, mama yake mkulima wa mihogo na maharage. Msichana huyu alikuwa anacheza kichwa kikiwa juu, anauona mpira unakotakiwa kwenda kabla haujamfikia. Klabu moja kubwa ya wanawake ya Dar, ambayo nayo ilikuwa na ubia na kampuni ile ile, ikaomba aende kwa majaribio. Mama yake alifurahi akatuletea maharage mabichi nyumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka akasema, "Sasa mwanangu atacheza, mimi nitamsikia redioni."

Wiki ya safari simu ikaja. Mtu wa klabu aliniambia wamesitisha.

"Kwa nini?"

"Wataalamu wetu wameona moyo wake hauko sawa."

"Nani amempima?"

"Taarifa tunazo, mwalimu."

Nilimkuta yule binti kwenye ngazi za darasa anafunga kamba za viatu. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, maana sikujua namna nyingine. Aliacha kamba, akaweka kiganja kifuani.

"Madamu, kwani mimi naumwa?"

"Sijui. Twende kwa daktari akupime mwenyewe."

Kabla hatujaenda, mama yake alikuwa ameshapata habari. Alishuka kwenye bodaboda bila hata kunisalimia. "Huyu anapandisha mihogo kutoka bondeni kichwani," akasema. "Wamemwonea wapi huo ugonjwa?" Lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake, na alimnyang'anya mkoba aubebe yeye.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima na kwa mashine ya nyaya inayochora mapigo ya moyo. Hakuona tatizo. Ndipo akamuuliza kama kuna siku alicheza akiwa hajisikii vizuri. Binti aliangalia chini.

"Kibondo," akasema. "Nilikuwa na homa. Tuliporudi nikapimwa zahanati, ikawa malaria."

Niliikumbuka ile mechi. Alicheza mpaka mwisho na hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Niliogopa wataniona mvivu kwenye kishikwambi."

Daktari alivua vifaa vyake masikioni. "Mtu ana malaria, anakimbia juani, moyo lazima upige kasi kupita kawaida. Kifaa kilipima sawasawa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza mgonjwa."

Nilipiga simu klabuni wakanielekeza kampuni. Kampuni ikaniambia uamuzi ni wa klabu. Yule kijana alipokuja tena chuoni, nilimfuata mpaka ofisi ya mkuu.

"Nani alikuruhusu kuwapa watu mapigo ya moyo ya mwanafunzi wangu?"

"Mkataba wa ubia unaturuhusu kushirikiana taarifa, madamu."

"Yeye alisaini?"

"Chuo ndicho kilichosaini."

Nikamgeukia mkuu wa chuo. Alikuwa anasugua miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilidhani ni taarifa za magoli," akasema, na kwa sauti ile nilimwamini.

Jioni hiyo kiungo wetu alikuja mazoezini na fulana yake ya zamani, akakikunja kizibao akakiweka kwenye benchi. Wenzake wakamtazama, kisha mmoja mmoja wakaenda kuvua vizibao vyao. Mkuu aliyaona hayo akiwa dirishani na hakutoka. Baada ya muda kampuni ilituma gari kuchukua vifaa vyake, ikatuachia jezi zenye nembo yake kubwa kifuani. Tunazivaa, maana nyingine hatuna.

Klabu ile haikupiga simu tena. Yule binti alimaliza chuo akaenda kujitolea kufundisha shule moja huko Muyama, akawa anacheza na timu ya wilaya. Kwenye mashindano ya Kibondo kocha mmoja wa timu ya daraja la chini, mama mtu mzima, alikaa kwenye nyasi akamwangalia mechi mbili, kisha akaenda Heru Juu kuongea na mama yake. Sasa anacheza kwenye timu ya kocha huyo, na wanamwanzisha kila mechi.

Nilifurahi, lakini sijatulia. Juzi alinipigia akaniambia klabu nyingine kubwa imemuulizia, kisha ikakaa kimya ghafla. Akaniuliza kama nadhani ni kwa sababu ya ile homa. Nilimwambia huenda wamepata mtu mwingine, soka ndivyo lilivyo. Tuliongea mambo ya shule, akaniaga. Nilibaki nimeshika simu, najiuliza zile namba za siku ile moja zimeshapita mikononi mwa watu wangapi, na nani kati yao anajua kwamba zilikuwa ni malaria.