Buibui Aliyemtangulia Mgeni

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa vuli ile Bibi alipokuwa kwetu Birmingham, na jambo la kwanza tulilokosania naye lilikuwa buibui.

Tulikaa mtaa wa Nechells, mimi na Mama, katika nyumba ya kaunsili ya jiji iliyopakana na maghala, yenye milango isiyofunga sawasawa. Kila mwaka, majani yalipoanza kudondoka na ile baridi ya kwanza kuingia, buibui nao walihamia ndani. Walikuwa wakubwa, rangi ya kahawia, wenye miguu mirefu, na walipenda kukatiza sebuleni tukiwa tumetulia mbele ya televisheni. Mama alikuwa nesi. Alisafisha vidonda ambavyo wengine hawakuthubutu kuvitazama. Lakini akimwona buibui alipanda juu ya kochi na viatu vyake na kuniita kwa sauti nilete mashine ya kufyonza vumbi.

Jirani yetu, Mama Amrit, alitupa dawa. Alikuwa mjane wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake alikuja nacho kutoka dukani kwa baba yake. "Iko konka kule bustani," alituambia. "Weka dirisha yote, weka mlango. Ile dudu hapana taka harufu yake." Konka ni zile mbegu kubwa zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, ambazo watoto wa shule yetu walizifunga uzi wakazigonganisha. Nilijaza mfuko mzima. Nikazipanga kwenye kila dirisha, nyuma ya kochi, na kizingitini pa mlango wa mbele, na Mama akanyunyizia pembeni mafuta ya mnanaa mpaka nyumba yote ikanuka kama peremende.

Bibi alinitazama nikizipanga. Alikuwa ametoka Wundanyi, kwao Kenya, miezi michache tu nyuma, na bado alivaa sweta mbili ndani ya nyumba.

"Mnamfukuza nani?" akauliza.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yangu, kwamba tunafukuza buibui. Neno hilo alilielewa.

"Buibui akiingia nyumbani, ujue yuko mgeni njiani," akasema. "Huyu hutangulia kutazama kama mlango uko wazi. Ukimfukuza, umemrudisha mwenye safari."

Mama akacheka. "Mama, huku wageni hupiga simu kwanza."

Bibi hakucheka. Baadaye nilimwona ameinama pale mlangoni, anaziokota konka za kizingitini moja moja na kuzitia mfukoni mwa sweta.

Lazima niseme habari za Mjomba Mwakio, kaka yake Mama, aliyekuwa akiishi Leicester. Babu alipofariki, Mama alikuwa bado anangoja karatasi zake za ukaazi. Angetoka nchini asingeweza kurudi, nami nilikuwa mchanga mgongoni. Hakwenda kuzika. Mjomba alikwenda. Aliporudi, mbele ya Wakenya wenzao waliokuja kutoa pole, akasema, "Wengine tulimpenda Baba, wengine walipenda karatasi." Tangu hapo Mama hakulitaja jina lake, na mtu mwingine akilitaja, Mama alitoka chumbani. Bibi alijaribu kulitaja alipofika tu kwetu. Mama aliondoka mezani akaacha chakula chake, akavaa koti, akatoka. Bibi hakujaribu tena, au ndivyo tulivyodhani.

Jumamosi moja niliamka nikasikia harufu ya chapati. Bibi alikuwa amepika rundo ambalo sisi watatu tusingelimaliza. Mama alikuwa amepanga twende Kings Heath kumnunulia Bibi koti la baridi. Ilikuwa siku yake pekee ya mapumziko. Tulipokuwa tunavaa viatu, buibui mkubwa akatokea chini ya mlango wa mbele, akasimama katikati ya zulia.

Mama akapiga ukelele. Bibi akamshika mkono.

"Wakesho, leo tusitoke. Unamwona? Mgeni yuko njiani."

"Mama, tafadhali."

"Koti halikimbii. Tutakwenda kesho baada ya kanisa."

"Kesho niko kazini. Na wiki yote ijayo niko kazini. Utapigwa na baridi, halafu nitaambiwa na watu wa nyumbani kwamba sikukutunza."

Bibi akafungua kinywa. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilingoja aseme, na hakusema. Akakaa kwenye ngazi, akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya. Mama alisimama mlangoni na mkoba begani akitazama saa. Hatimaye Bibi akainuka, akamfuata.

Kule Kings Heath alikubali koti la kwanza aliloonyeshwa. Hakujitazama kwenye kioo. Mama alitaka tunywe chai, tuzunguke madukani kidogo kwa kuwa ni siku ya mapumziko, na kila mara Bibi aliuliza, "Tumemaliza? Turudi?" Mama akaona ni uchovu wa uzee. Mvua ikanyesha, basi likachelewa, na tulipofika nyumbani Mama Amrit alikuwa akitusubiri kwenye mlango wake.

"Ndugu yako nakuja," akamwambia Mama. "Nasimama hapa mingi sana. Mimi naambia yeye, ingia kwangu, kunywa chai. Hapana taka. Nasema atangoja dada yake hapa hapa. Mvua nanyesha, yeye nangoja tu. Sasa hivi tu nakwenda."

Kizingitini palikuwa na mfuko wa plastiki uliolowa. Ndani mlikuwa na nduma, yale magimbi ya nyumbani. Mama alizipenda nduma kuliko chakula chochote cha nyumbani, na hakuna aliyelijua hilo kama kaka yake.

Mama aliushika ule mfuko muda mrefu bila kuingia ndani. "Angepiga simu," akasema.

"Mpigie wewe," Bibi akamwambia. "Bado yuko njiani. Mpigie sasa."

"Nitampigia."

Hakumpigia siku ile. Nduma alizichemsha, tukazila. Wiki ikapita, na nyingine, na Bibi akarudi Kenya kabla ya Krismasi akiwa na koti lake jipya. Nadhani Mama alikusudia kweli kupiga simu, ila kila siku iliyopita iliifanya simu yenyewe kuwa ngumu zaidi. Mwishoni mwa baridi ile ikaja simu kutoka Leicester. Mjomba alikuwa ameanguka kazini kwa kiharusi.

Alipona, lakini maneno hayakurudi. Alibakiwa na neno moja tu, "Ndiyo," na alilitumia kwa kila kitu. Mama alikwenda Leicester kila alipopata siku, akanichukua na mimi. Alimnyoa ndevu, akamkata kucha, akamlisha. Siku moja, akimfuta kinywa, akamuuliza ghafla, "Kaka, siku ile ulikuja kuniomba radhi?"

"Ndiyo."

"Au ulikuja kunitukana tena?"

"Ndiyo."

Mama akacheka. Mjomba naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Halafu Mama akaenda dirishani akasimama ametupa mgongo, na mabega yake yakatikisika, na mimi sikujua nimtazame nani.

Mjomba aliishi miaka kadhaa hivyo, kisha akafariki.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelezwa na Mama Amrit jambo ambalo yeye alidhani sote tunalijua. Vuli ile, Mama akiwa kazini, Bibi alikuwa akienda kwake kuomba simu. Alizungumza na mwanawe Leicester, akambembeleza, akalia, mpaka Mjomba akakubali kuja. Jumamosi ile ilikuwa ya mapatano.

Nilimpigia Bibi Wundanyi. Alikuwa amezeeka sana, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Kwa nini hukumwambia Mama kwamba ni Mjomba anakuja?"

"Ningemtaja jina, mama yako angekaa?" akajibu. "Nilitafuta mgeni asiye na jina."

Sasa Bibi naye hayupo. Mama amestaafu, na katika nyumba yake buibui hauawi. Akiona mmoja huweka birika motoni. Huwaambia hata wajukuu zake kwamba zamani aliletewa ishara akaipuuza, na kwamba hilo ndilo kosa la maisha yake. Wanangu humsikiliza kwa adabu na kumjibu kwa Kiingereza.

Mara nyingi nimekaribia kumweleza. Lakini ishara iliyopuuzwa ni mzigo ambao mtu anaweza kuzeeka nao. Kujua kwamba mama yako mzazi alikaa kwenye ngazi zako, jina la mwanawe likiwa ulimini, akaogopa kulitamka mbele yako, sijui mzigo huo ungebebwa vipi na mwanamke wa umri wake. Kwa hiyo akianza kusimulia, mimi humimina chai, na nikiulizwa kama ndivyo ilivyokuwa, husema ndivyo.