Kole ya Akasia

Baba alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi. Ng'ombe wake walipokufa kwa ugonjwa, alituhamishia mjini, mtaa wa Keshero, akapata kazi ya kulinda nyumba moja kule mtaa wa Himbi. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa nasomea ualimu.

Shuleni hatukuwa na kole, yaani gundi ya karatasi, kwa hiyo tulijitengenezea. Kiangazi nilipanda hadi Kibati, penye miakasia iliyokatwakatwa kwa mapanga. Utomvu ulitoka kwenye majeraha ukiwa laini kama asali, upepo ukaukausha, ukawa vidonge vya rangi ya chai. Niliubandua kwa kisu, nikauponda, nikauloweka, kesho yake nikauchuja kwa kitambaa. Mama yangu, aliyekuwa mshonaji, aliutumia kukaza kola za mashati. Wadogo zangu waliutafuna, na mwenye kikohozi alipewa kipande anyonye.

Ubani wa mti wa mubafu, ule unaochomwa kanisani, huyeyuka kwa moto na maji hauyajali. Utomvu wa akasia ni kinyume chake: moto huuchoma ukawa mkaa, maji huuyeyusha. Nilikuwa nayajua hayo vizuri, tena niliwafundisha wenzangu. Ndiyo maana sina la kujitetea.

Siku moja picha ya baba ilianza kubanduka kwenye kitambulisho chake.

“Papa, leta nikubandikie,” nilimwambia.

“Itashika?”

“Itashika.”

Nilipaka, nikaiwekea jiwe juu. Ilishika vizuri, mpaka baba akacheka.

Majira ya mvua tuliletewa habari kwamba dada yake yuko taabani Rutshuru. Baba alipanda lori, akakaa juu ya mizigo, na kitambulisho mfukoni mwa shati. Mvua iliwanyeshea njia nzima hadi bariyeri ya Kibati, kizuizi cha askari barabarani. Yaliyotokea hapo tulielezwa na jirani yetu, mama muuza kabichi, ambaye alikuwa kwenye lori lile lile.

Askari alifungua kitambulisho, na picha ikabaki imenata kwenye kidole gumba chake.

“Sitwayeni,” yaani raia, “hii foto ya nani?”

“Yangu, shefu. Angalia sura.”

“Tangu lini karte ya Leta, ya serikali, inabandikwa na kole ya batoto? Weye ni mutu wa ng'ambo ya mpaka. Shuka!”

Baba alishuka, lori likaondoka. Jirani yetu alipogeuka nyuma alimwona amepiga magoti kwenye matope, anavua viatu.

Mama alipeleka chakula pale bariyeri kila siku. Kila siku aliambiwa mtu huyo hayupo, lakini chakula walikipokea. Siku ya kumi na moja baba alirudi kwa miguu. Sikio lake la kushoto halikusikia tena, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Hakusimulia kitu. Aliuliza swali moja tu: je, kuna habari za Rutshuru? Mama akamwambia. Wifi yake alikuwa amezikwa siku nne kabla.

Nilivumilia wiki nzima. Kisha asubuhi moja, nikiwa namfunga kamba za viatu kwa sababu ya vidole vyake, nilimwambia.

“Papa, ni miye. Nilijua kole ile inaogopa maji.”

Aliendelea kutazama viatu vyake, nikafikiri nimeongea upande wa sikio bovu.

“Wale askari, mama,” alisema mwishowe, akiniita mama kama alivyozoea, “wangetafuta neno lingine. Watu wa lugha yetu, inayosemwa hata ng'ambo, hawakosi neno la kuambiwa.” Akavuta pumzi. “Lakini dada yangu nilitaka kumuona.”

Sikuweza kumaliza kufunga kamba. Alisimama, akaenda kazini hivyo hivyo.

Alipoomba kitambulisho kingine, ofisini walimtaka alete karatasi za babu yake, mtu aliyeishi na kufa milimani bila kujua kalamu. Alirudi kule mara nyingi, akiwa amevaa shati safi, na kila mara aliambiwa aje wiki ijayo. Halafu tajiri wake wa Himbi akasema hawezi kumweka mlinzi asiye na karatasi.

Baba aliishi miaka mitatu mingine, bila kutoka mtaani mwetu. Homa ilipomshika, mama alitaka wampeleke hospitali. Alikataa, kwa sababu njia ya kwenda huko ilikuwa na askari. Alifia nyumbani mchana, mimi nikiwa darasani nafundisha.