Dobi na Tone la Njano

Dobi alikuwa na ugonjwa wake mmoja ambao hakuna aliyeuita ugonjwa: hakuweza kuona doa akaliacha. Akikaribishwa kwa watu, kidole chake huanza kukwangua tone la mchuzi kwenye kitambaa cha meza kabla hajamaliza kusalimia. Njiani aliwahi kumsimamisha mtu asiyemjua, "Samahani ndugu yangu, hiyo kola," na yule mtu akatimua mbio akidhani anakabwa. Mkewe alikwisha kumzoea. "Nimeolewa na kitambaa cha kufutia," alikuwa akiwaambia mashoga zake, nao wakicheka mpaka wakashika mbavu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa binti ambaye jicho lake la kushoto halikukauka.

Binti walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kelele kabla ya jua na kuzimaliza baada yake. Tangu siku zake za kwanza jicho lile lilichuruzika, akicheka, akinyonya, akilala. Asubuhi kope zilikuwa zimegandamana kwa matongotongo kama bahasha iliyotiwa gundi, na dobi akazilainisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, polepole, akimwimbia wimbo usio na maana ili atulie.

Daktari wa macho, mama mmoja mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka, aliwaeleza mambo kwa urahisi. Machozi yana njia yake ya kutokea: kifereji kinachoanzia kwenye kona ya jicho na kushuka hadi ndani ya pua. Cha Chiriku kilikuwa na utando mwishoni. Kwa watoto wengi hufunguka chenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Chiriku akatimiza mwaka, akaanza kutembea, akaanza kuwagombeza wakubwa kwa lugha anayoijua mwenyewe, na jicho likabaki vile vile.

Wakamlaza hospitali, wakamzibua kwa kiwaya chembamba. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga pasi suruali. Lakini dobi ndiye aliyempakata alipowekewa barakoa ya dawa ya usingizi. Mkono mdogo uliokuwa umeng'ang'ania shati lake ukalegea, ukaachia, ukaning'inia. Alijua kuwa ni dawa. Kujua hakukumsaidia kitu.

Jicho likakauka, na dobi akatembea mtaani kifua mbele kama aliyelizibua yeye. Kisha mafua yakaja, mgeni asiyebisha hodi, na asubuhi moja kope zikagandamana tena.

"Kwa baadhi yao ndivyo inavyokuwa," daktari alisema. "Inafunguka, halafu inaziba. Mkandeni kwa wiki kadhaa, tumwangalie. Ikikataa, tutamlaza tena, tumwekee mrija mdogo ukae humo ndani miezi michache. Watoto wanapona vizuri tu."

Habari za mrija hazikumfika dobi. Alichosikia ni "tutamlaza tena", na mkono ule ukaning'inia upya mbele ya macho yake.

Kazi ya kukanda akaichukua yeye. Ananawa, anasogeza viganja karibu na pasi vipate joto, anamweka Chiriku mapajani, anaegesha ncha ya kidole kwenye kona ya jicho palipo na mfupa wa pua, anabonyeza kidogo, anashusha. Mwanzoni alikosea. Alikuwa akitelezesha kidole shavuni, kwa nguvu iliyopimwa, kwenda nje, mpaka daktari akamshika mkono akaurudisha mahali pake. "Hunyooshi mkunjo, baba. Unasukuma maji. Bonyeza hapa, shuka na pua."

Fundi viatu, aliyekuwa na kibanda chake mlango wa pili, hakuiacha ipite.

"Dobi! Mtoto naye unampiga pasi?"

"Shona soli zako."

"Angalia tu usimtie mstari katikati!"

Wateja nao, kila aliyeleta nguo alileta na dawa. Chai ya rangi. Maji ya chumvi. Mmoja alisema apulizwe. Dobi aliitikia wote kwa adabu, akapokea nguo, dawa akawaachia wenyewe.

Ikafika siku ya kupimwa. Daktari akamkalisha Chiriku juu ya mapaja ya mama yake, akamtia tone la dawa ya njano kwenye jicho la kushoto. Njano kali, njano ya kiini cha yai.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Njia ikiwa wazi, hii rangi itaondoka jichoni, itashuka puani. Ikiwa imeziba, itabaki pale pale au itamwagika shavuni. Kaeni hapo nje mkisubiri. Msimfute. Jicho, shavu, pua, msiguse. Nikirudi nitaangalia, halafu tutajua kama tunamlaza ama hatumlazi."

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Chiriku akatazama huku na huku kwa jicho moja la njano, kama taa ya gari lililosimama. Mtoto wa benchi la jirani akamwonyesha kidole. Chiriku akamgombeza. Mama yake akacheka, dobi hakucheka. Alikuwa akilitazama lile jicho, anaona njano, haioni, anaiona tena.

"Imepungua," akanong'ona.

"Acha kumkodolea, unamtisha."

"Imepungua, Mama Chiriku, nakwambia!"

Mkewe akainama kuchukua chupa ya maji kwenye mfuko. Hapo Chiriku akapiga chafya. Chafya nene, ya mtu mzima. Uso mzima ukalowa, puani kikaning'inia kitu. Mtu mwingine angeangalia rangi. Dobi aliona doa. Kabla ya akili yake kufika, mkono ulikwisha fika: leso nje, pua, shavu, kona ya jicho, mfuto mmoja safi. Akainuka, akaenda kwenye sinki la ukumbini, akaisuuza leso, akaikamua, akairudisha mfukoni ikiwa imekunjwa vizuri.

Aliporudi, mkewe alikuwa amemtolea macho.

"Umefanya nini?"

Dobi akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Ilikuwa ya njano?" mkewe akauliza. "Hiyo uliyofuta, ilikuwa ya njano?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuangalia. Nilifuta tu."

"Ee Mungu, nipe subira. Mwaka na nusu tunasubiri kamasi moja, wewe umeitia kwenye sinki!"

Ukumbi mzima ukageuka. Bibi mmoja mwenye kitambaa juu ya jicho akauliza kimetokea nini, akaelezwa, akaguna, "Wanaume bwana," na hiyo ikawa hukumu.

Daktari alipowaita, dobi alisema mwenyewe, bila kuzunguka. Alisema kama mtoto aliyevunja sahani. Daktari akalitazama jicho, safi, shavu, safi, pua, safi kuliko zote.

"Hapa siwezi kusema kitu," akasema. "Huenda imepita, huenda umeifuta yote." Kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakimtikisika. "Baba, unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Nilijua tu. Njooni, tunaanza upya."

Jicho likaoshwa, wakangoja litulie, tone la pili likaingia. Safari hii daktari hakuwatoa nje. Mkewe akamwambia, "Kalia mikono." Dobi akaikalia, yote miwili, viganja chini ya mapaja, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Chiriku akaona ni mchezo, naye akajaribu kukalia yake, akashindwa, akaanguka juu ya kifua cha mama.

Chozi likaanza kukusanyika ukingoni mwa kope. Dobi akahisi vidole vinampwita. Likavimba, likasimama, na yeye akasimamisha pumzi. Likishuka shavuni tu, tumekwisha, akawaza, mkono utaning'inia tena. Chozi likatetemeka. Halafu likapungua. Halikudondoka, lilizama, taratibu, kama maji ya beseni lililoondolewa kizibo.

"Limekwenda wapi?" akasema kwa nguvu.

"Shh," daktari akasema, akazima taa ya chumba, akawasha kurunzi ndogo ya mwanga wa buluu. Jicho likaonekana jeusi tupu, hakuna kilichobaki isipokuwa uzi mwembamba ukingoni. Akashusha mwanga puani.

Mle ndani, kwenye tundu la kushoto, kulikuwa na kimulimuli. Kijani cha kung'aa, maana ndivyo ile njano inavyowaka kwenye mwanga wa buluu, kidogo, kikipanda na kushuka na pumzi ya Chiriku.

"Unaona, baba?"

"Hiyo ni kamasi?"

"Hiyo ni kamasi yenye rangi yangu. Imepita. Njia iko wazi."

Dobi akatoa mlio ambao mpaka leo mkewe hujaribu kuuiga na kushindwa. Akainuka, akakumbuka mikono, akakaa tena, akaikalia.

"Unaweza kuitoa mikono sasa," daktari akamwambia.

"Hatumlazi?"

"Hatumlazi. Mafua yakija, huenda jicho likalowa siku mbili tatu, endelea kumkanda. Likitoa usaha au likivimba, mlete upesi. Lakini mrija, hapana."

"Hatumlazi," akamwambia mkewe, kana kwamba yeye hakuwepo. Akamwambia muuguzi mlangoni. Akamwambia yule bibi wa ukumbini, aliyeuliza, "Kwa hiyo kamasi imepatikana?" na watu wakapiga makofi, wengine bila kujua wanashangilia nini.

Njiani hakumwachia mkewe ambebe mtoto. Alikwenda akitangaza. Muuza magazeti akasikia, mwenye duka akasikia. Walipofika kibandani, fundi viatu akaweka nyundo chini.

"Haya, dobi. Vipi?"

"Yamepita puani! Ya njano! Yanawaka kama taa!"

"Nini?"

"Makamasi!"

Fundi viatu akamtazama mke wa dobi, naye akaitikia kwa kichwa, akicheka huku anajifuta uso. Fundi akanyanyuka kwenye kigoda, kitu ambacho hakukifanya hata mteja alipokuja na viatu vya harusi, akampokea Chiriku mikononi, akamgeuza kwenye mwanga.

"Wewe," akamwambia, "kumbe ulikuwa unavuja tu. Aliyekuwa analia siku zote ni baba yako."

Dobi akafungua mdomo amjibu. Na Chiriku, aliyeona masharubu ya fundi kwa karibu kwa mara ya kwanza, akayashika kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu, hakuachia.